Upara wa Mtaa Mzima

Kuna sauti moja ndogo ambayo mpaka leo inanisimamisha popote nilipo, nayo ni sauti ya karatasi ya wembe mpya inapofunguliwa. Ile karatasi ngumu, yenye mafuta kidogo, inayolia kati ya vidole. Majuzi niliisikia kwa kinyozi mmoja hapa Morogoro, nilikompeleka mtoto wa mdogo wangu, nikajikuta nimeshika fremu ya mlango kama mtu anayesikia kizunguzungu. Kinyozi akaniuliza, "Mama, vipi tena?" Nikamjibu hamna kitu. Ningemwambia nini? Kwamba karatasi ile inaniletea harufu ya majani mabichi yaliyopondwa, jasho la majirani na ujinga wa watu wazima?

Ngoja niwaambie ninyi, maana ninyi hamna foleni ya wateja.

Nimekulia Ifakara, miaka ya tisini, katika mtaa wa nyumba za matofali ya kuchoma ambapo mapaa ya nyasi yalikuwa yanaanza kupisha mabati. Tulikuwa wakulima wa mpunga, tulikuwa Wakatoliki, wengi wetu asili yetu ni milima ya Mahenge, na tulikuwa na heshima kubwa kwa kitu kimoja kinachoitwa mtu wa kawaida. Sikuwahi kusikia mtu mtaani kwetu akisifiwa kwa akili, wala kwa wema. Sifa ya juu kabisa ilikuwa, "Yule ni mtu wa kawaida tu, hana neno." Mtu wa kawaida alitakiwa aoe au aolewe, azae, apande wenzake wanapopanda na avune wenzake wanapovuna. Msibani alie kwa sauti ya kufika barabarani. Na jioni akae mkekani awaseme wale ambao hawapo. Hilo la mwisho lilikuwa na uzito kuliko ubatizo, kwa sababu aliyebatizwa anaweza kukosa kanisani na asiulizwe, lakini aliyekosa mkekani aliulizwa, na majibu yalitolewa papo hapo bila yeye.

Shangazi Eufrasia hakukaa mkekani. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyopasuka kwa jembe. Aliolewa huko Mahenge akaachwa kwa kutopata mtoto, na baba akamkatia kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yetu. Wanawake wote wa mtaa waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye aliitwa Eufrasia, kavu hivyohivyo, na watu walilitamka kama wanatema mbegu ya chungwa.

Makosa yake yalikuwa mengi. Alipokuwa anapepeta mchele alijiimbia, tena nyimbo zisizo za kanisa wala za ngoma, za kwake mwenyewe. Kuku wake aliwaamkia asubuhi. Kitu kikimchekesha alicheka hata kama yuko peke yake, na mtaa mzima ukasimama kutafuta aliyekuwa anacheka naye. Msibani hakulia. Alifika, akatoa pole, akaenda nyuma jikoni kuosha masufuria makubwa yaliyoungua, yale ambayo kila mtu anayakwepa, na akimaliza alirudi kwake. Kuosha masufuria ya msiba bila kulia! Waliokuwa wanalia mbele wakanong'onezana kati ya kilio na kilio: mwanamke yule ana roho gani?

Mimi nilimpenda kuliko watu wote. Wakati wa kulinda ndege nilikaa naye kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti katikati ya mpunga, tukitupa mabonge ya udongo na kupiga kelele. Kati ya kelele na kelele niliuliza maswali. Alikuwa mtu mzima pekee aliyenijibu swali bila kuniuliza kwanza nani kanituma. Nikiuliza kwa nini baba anaogopa balozi wa nyumba kumi, ananijibu. Nikiuliza kwa nini yeye hana mume, ananijibu, tena kwa urefu, kama ananieleza namna ya kusuka mkeka. Asichokijua alisema hakijui, na sijui kama mnaelewa jambo hilo lilikuwa adimu kiasi gani katika mtaa wetu.

Sasa, mbele yetu aliishi Mama Koleta, ambaye mkeka wa jioni ulikuwa wake na maneno mengi ya mkekani pia. Mwaka huo binti yake alipata komunyo ya kwanza, na kwa heshima ya sherehe mama mtu akatiwa kalikiti. Kwa vijana wasioijua, hii ilikuwa nywele ya mawimbimawimbi iliyopakwa mafuta mpaka inachuruzika. Kola za magauni yake zote ziliharibika. Inasemekana alilala ameketi, ameegemea ukuta, na ule ukuta ukabaki na doa kubwa ambalo wageni walionyeshwa.

Asubuhi moja baada ya mavuno Shangazi alipita hapo na debe lake la maji. Mama Koleta alikuwa amempakata mwanawe mdogo, Bosko. Shangazi akasimama, akamgusa mtoto shingoni, akasema, "Mama Koleta, huyu anaungua. Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje jioni." Kisha akaenda zake. Mama Koleta akangoja jioni, maana alikuwa na wageni wa kuona kalikiti. Jua lilipokaribia kuzama mtoto akashikwa na degedege, macho yakageuka, akakakamaa. Alikimbizwa hospitali kwenye baiskeli, na kwa bahati madaktari wakamuwahi. Baada ya siku chache alirudi nyumbani anakula ugali na kuvuta mkia wa mbwa.

Mnadhani mtaa uliuliza kwa nini mama alingoja? Mtaa uliuliza: Eufrasia alijuaje?

Hapo ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza akili ya watu wa kawaida ikifanya kazi, na tangu siku hiyo sijaiheshimu. Kufika Jumatano kila kitu kilikuwa kimepata maelezo. Kuku wa balozi waliokufa kwa kideri, mimba ya jirani iliyoharibika, baiskeli ya katekista iliyokatika fremu njiani bila hata kugonga jiwe. Mpunga wa Shangazi uliokuwa umestawi, wa wenzake je? Wanawake wakaanza kuacha ndoo zao bombani na kusimama mbali mpaka yeye aondoke. Mama yangu akaambiwa kwa upole kabisa kwamba msimu ujao asitegemee mikono ya mtu shambani kwetu. Wote waliosema hayo walisema huku wanatabasamu, na waliagana na mama kwa kumtakia heri.

Jumapili, baada ya misa, wakaja kwetu. Viti vikatolewa nje. Walikuwepo balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye kofia ya pama ambayo hata watoto wake hawakuwahi kuona kilicho chini yake. Katekista, rozari imemning'inia shingoni. Mama Koleta na kalikiti yake, na wanawake wenzake wa mkekani. Shangazi aliitwa akaja, akakaa kwenye kigoda, mimi nikakaa chini karibu na miguu yake.

Kwa ninyi msiotoka kwetu, nieleze. Bondeni kwetu mtu akitajwa kwa uchawi hakupigwa, na jambo hilo tulilionea fahari, tukajiona watu wastaarabu. Alipelekwa ng'ambo ya mto kwa mganga, akanyolewa nywele zote, akaogeshwa dawa. Uchawi ulitoka pamoja na nywele, akarudi mweupe, na ikawa mwiko kumtaja tena. Hata asiye mchawi alinyolewa, ili mambo yaishe. Padri alilipiga vita jambo hili mimbarini na wote wakaitikia amina, kisha wakaulizana pantoni inavuka saa ngapi.

Balozi alizunguka sana, akaongelea umoja, akaongelea amani, mpaka baba akamkatiza kwa sauti ya chini.

"Dada, ni nywele tu. Zitaota. Ukirudi utakuwa mtu wa kawaida, hakuna atakayekutaja tena."

"Na sasa hivi mimi ni nani, Severini?"

Baba akaangalia kandambili zake. Nilimpenda baba, lakini alikuwa mtu wa kawaida kwelikweli. "Dada, mimi nina watoto," akasema. "Nikifiwa hapa, atakuja nani kunizikia?"

Hapo hakuna ambaye hakuelewa. Kwetu mtu anaweza kustahimili njaa, hata jela, lakini siyo msiba usio na watu. Shangazi alimtazama mdogo wake. Halafu akasema, "Nitakwenda. Ila ninyi nyote mlioketi hapa mnisindikize."

Wakakubali kwa furaha. Hakuna kitu watu wa kawaida wanachokipenda kama kusindikiza.

Usiku ule sikula. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba watakayeondoka naye hatakuwa watakayerudi naye. Asubuhi nikamfuata alipokuwa anawafungulia kuku, nikamuuliza, "Shangazi, wakikunyoa utabadilika?"

Akacheka. "Nywele haziwazi, mwanangu." Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili, na kwa sababu nililia sana nikaruhusiwa kwenda nao.

Tulifika kivukoni kwa baiskeli, vumbi la kiangazi limetupaka mpaka kope. Kwenye pantoni wasindikizaji walikuwa na furaha ya watu waendao harusini. Waliimba nyimbo za Bikira Maria. Mama Koleta alijifunga kitambaa cha nailoni kukinga kalikiti na upepo wa mto, akawa anasimulia abiria wasiomjua habari za Bosko, huku anamwonyesha Shangazi kwa kidevu.

Mganga alikuwa mzee mfupi, mwenye miwani na redio, na hakuwa na kitu cha kutisha ila haraka. Alitusikiliza kama karani anayesikia jambo lilelile tangu asubuhi. Balozi alipomaliza hotuba, mzee akauliza, "Wote hawa wamekuja naye?"

"Wote, mzee. Tumemsindikiza."

"Vizuri. Basi wote mtanyolewa. Uchawi ukifukuzwa kwa huyu unaingia kwa aliye karibu."

Mama Koleta akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mzee, mimi nimekuja kusindikiza tu."

"Na nywele zako nazo zimekusindikiza. Asiyetaka aseme, nasi tutajua kwa nini hataki."

Nani angesema? Walikuwa wameujenga mtego huo wenyewe, kwa maneno yao wenyewe, kwa ajili ya mtu mwingine, na sasa ulikuwa umewabana wote. Balozi akawa wa kwanza kuvua kofia ya pama. Chini yake hakukuwa na kitu cha kunyoa zaidi ya manyoya machache ya utosini, lakini sheria ni sheria, yakanyolewa. Katekista aliivua rozari, akaitia mfukoni, akainama. Wanawake tulipelekwa nyuma ya ua wa matete, na hapo ndipo nilipoisikia ile karatasi, wembe baada ya wembe. Maji ya majani yalikuwa ya kijani na yananuka kama nyasi iliyokatwa ikaoza. Mimi nilikuwa mwanafunzi, kichwa changu kilikuwa cheupe tayari kwa amri ya mwalimu mkuu, lakini walinikwangua hivyohivyo.

Shangazi alikaa mgongo wima, macho wazi. Nilimkodolea nikitazamia kuona kitu kinatoka. Kilichotoka ni nywele, na kikabaki kichwa kidogo, chenye umbo lilelile la kichwa cha baba. Ikafika zamu ya Mama Koleta. Kalikiti ilianguka kwenye beseni kwa vipande vizito, na yule msichana wa kunyoa akalazimika kuufuta wembe kwenye nyasi kila mara kwa ajili ya mafuta. Shangazi akacheka. Alicheka mwenyewe, kwa sauti, mpaka machozi, na hakuna aliyemjibu ila mimi. Sikujua kwamba ndiyo mara ya mwisho nitakayomsikia akicheka vile.

Jumapili iliyofuata tukaenda misani. Parokia ilikuwa imepata padri mgeni, kijana kutoka kaskazini, asiyejua mambo yetu. Akapanda mimbarini, akatazama waumini, akaona katikati ya kanisa kundi zima la vichwa vinavyong'aa, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na katekista wake mwenyewe anang'aa kuliko wote. Kwao alikotoka watu walinyoa kwa msiba. Uso wake ukaingiwa na huzuni ya kweli. "Ndugu zangu," akasema, "naona mmepatwa na msiba mkubwa. Poleni sana."

"Asante, Baba," akajibu katekista. Angesema nini?

Padri akatuomba tusimame tumwombee marehemu. Jina la marehemu hakutajiwa na hakulazimisha. Tukasimama, tukamwombea mtu ambaye hakufa na hakuwahi kuzaliwa, kanisa zima limeinamisha vichwa. Mama Koleta, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na marehemu wa kweli, ile kalikiti yake, akaangua kilio. Na hapo, kando yake, Shangazi Eufrasia akajifunika khanga usoni, akavuta pumzi, akatoa kilio. Kilikuwa kilio kizuri, kirefu, kilichopanda na kushuka mahali panapostahili, na nina hakika kilifika barabarani. Watu wakageuka. Nikamwona baba anafuta macho kwa furaha. Mama Koleta akamshika Shangazi mkono.

Mimi niliziba mdomo kwa kiganja nisicheke. Niliamini anawakejeli. Nilimngoja atoke nje anikonyeze tucheke wote njia nzima. Alitoka kaongozana na wanawake, hakunitazama.

Jioni ile aliketi mkekani. Kesho yake akaketi tena. Wiki kadhaa niliendelea kuamini kwamba ni mchezo, kwamba anawachunguza ili aje anisimulie dunguni. Msimu ukafika, tukapanda dunguni, ndege wakaja. Nikamuuliza swali, nimesahau lilikuwa nini, na Shangazi, bila kuacha kutazama mpunga, akasema, "Nani kakutuma kuuliza?"

Nywele zake ziliota, akazisuka mtindo wa twende kilioni kama wenzake. Kuku hakuwaamkia tena. Msibani alikaa mbele, na masufuria yaliyoungua yakabaki kwa wengine. Mtaa ulimpenda. Wakamwita Mama Bosko, kwa heshima ya mtoto yule waliyesema kamroga, na yeye akaitikia. Baba alizoea kusema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kujenga nyumba, "Dada amekuwa mtu sasa."

Miaka mingi baadaye, nikiwa nafanya kazi huku Morogoro, nilirudi kuwasalimu. Nilikuwa sijaolewa, na sikuwa na haraka hiyo. Wanawake walikuwa mkekani kama kawaida, wamezeeka lakini hawajachoka, na aliyekuwa amekaa katikati ni Shangazi. Mtaa ulikuwa na mpangaji mpya, mjane aliyekuja kwa treni kutoka Mlimba, mpika vitumbua. Alipita na beseni lake kichwani huku anajiimbia kitu kwa sauti ya chini. Mkeka ukanyamaza. Alipofika mbali kidogo Shangazi akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Hivi yule mwanamke, mnamwona ni mtu wa kawaida kweli?"

Niliondoka mkekani. Nikamfuata yule mama, nikamwamkia shikamoo kwa sauti kubwa ili wasikie, nikamtua beseni, nikanunua vitumbua nikala palepale barabarani. Alikuwa mchangamfu, alicheka kwa urahisi. Nilitamani kumwambia ahame, nikashindwa nimweleze vipi.

Nilipokuwa mdogo nilidhani walimnyoa Shangazi ndipo akageuka. Sivyo. Nyuma ya ule ua wa matete bado alikuwa wa kwangu. Aligeuka mwenyewe, kanisani, kwa macho yake wazi, baada ya kumwona mdogo wake anaangalia kandambili zake na kujua kwamba hakuna atakayesimama upande wake, ila mtoto. Kile kilio hakikuwa kejeli. Alikuwa anaomba kazi ya kuwa mtu wa kawaida, akapewa, na akaja kuifanya vizuri kuliko waliomfundisha. Nawadharau wote kwa jambo hilo, mtaa mzima, mmoja mmoja, na marehemu baba yangu naye yumo. Shangazi nimejaribu kumdharau nikashindwa. Nikimkasirikia naiona ile mikono iliyopasuka.

Nilisimama pale na vitumbua mkononi, nyuma yangu nikasikia mmoja wao anauliza, "Mama Bosko, huyo mwanao vipi?"

Shangazi hakukawia. Alijibu kwa sauti tulivu kabisa, sauti ya mtu ambaye siku hizi analala vizuri.

"Mie simo. Huyo toka mdogo alikuwa hivyohivyo."